Kadi za zamani za sherehe za wafalme: zinashuhudia nini, na zinaficha nini?

Kila mara ugomvi wa utawala wa kimila unapoanza, iko picha moja inaanza kutembea mu WhatsApp. Mzee amekaa kwenye kiti, amevaa ngozi, nyuma yake watu wa ngoma, kando yake Mzungu mwenye kofia nyeupe. Chini yake kuna maneno ya Kifaransa, jina la mwami na jina la mahali. Mutu anaituma na kuandika: "Muone, hii njo ushahidi." Wengine wanajibu, wengine wanatukana, na kisha siku mbili watu wa familia moja hawasalimiane tena.

Mara nyingi picha ile haitoki ku familia ya mwami, wala ku ofisi ya serikali. Ni kadi ya posta. Mutu fulani aliinunua Ulaya, akaipiga picha, akaiweka kwenye intaneti, na kutoka pale ikafika mu simu zetu bila mgongo wake. Na mgongo wa kadi, tutaona, njo mara nyingi wenye kusema ukweli zaidi ya uso.

Wasikilizaji wetu wametuuliza mara nyingi kama picha hizi ni za kweli. Jibu la haraka: ndiyo, nyingi ni za kweli, hakuna mtu aliyezichora. Lakini picha ya kweli inaweza kuonyesha sherehe isiyo ya kweli. Hapo njo penye shida.

Tuanze na soko. Kati ya mwaka 1900 na vita ya kwanza ya dunia, kadi za picha zilikuwa kama vile simu ya leo. Ulaya nzima ilikuwa inazituma na kuzikusanya mu albamu. Mu Bruxelles, nyumba ya Nels ilichapisha kadi nyingi za Congo. Kuanzia 1912 hata posta ya koloni yenyewe iliuzisha kadi zenye timbri iliyochapwa tayari upande mmoja na picha ya Congo upande wa pili. Mtumishi wa serikali, padri, mfanyabiashara, kila mmoja alitaka kuonyesha mama yake kule nyumbani mahali anapoishi. Mto, reli, misioni, soko, na ikipatikana, "sultani" na watu wake. Wafalme waliuzika vizuri.

Leo wale waliozipokea wamekufa, wajukuu wanafungua masanduku, na kadi zinaenda ku soko. Kule Bruxelles ziko zinauzwa ku soko la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle, na ku intaneti kwenye Delcampe, soko la wakusanyaji lililoanzishwa Ubelgiji. Moja inaweza kuenda kwa euro chache, nyingine kwa makumi ya euro. Kwa mstaafu wa Liège ile ni bei ya chakula cha mchana. Kwa mwalimu wa Walungu ao wa Fizi, pamoja na pesa ya kutuma, ni kitu ambacho hawezi hata kujadili ndani ya nyumba yake. Njo maana wakusanyaji wa sura za babu zetu, kwa sehemu kubwa, si sisi.

Kati ya kadi zinazotafutwa sana ziko zile za Casimir Zagourski. Alikuwa Mpolandi, alifika Léopoldville mwaka 1924 na kufungua studio ya picha. Alitembea Congo, akafika Rwanda na Burundi na mbali zaidi, na akauzisha mamia ya kadi katika mfululizo aliouita "L'Afrique qui disparaît", maana yake Afrika inayopotea. Alifariki 1944. Kazi yake ni nzuri sana, hakuna mtu anaweza kubisha: mwangaza, ngozi, nywele, mwendo wa wachezaji wa intore, yote iko safi kabisa. Lakini tusimame kidogo kwa lile jina. Inapotea sababu gani? Nani alikuwa anaipoteza? Kadi haisemi.

Chukueni habari moja tunayoweza kuifuata vizuri, maana inatuhusu hata sisi wa upande huu. Kwenye kadi za wakati wa Wadachi, mbele ya 1916, mwami Yuhi Musinga wa Rwanda anaitwa "Sultan Msinga". Neno sultani lile lilitoka mu Kiswahili cha pwani. Wadachi walilibeba kutoka Dar es Salaam na kulibandika kwa kila mfalme waliyemkuta. Mnyarwanda hakumwita mwami wake vile. Kumbe tangu mstari wa kwanza wa maandishi, kadi inamvalisha mfalme koti la mtu mwingine.

Kisha wakaja Wabelgiji. Mwaka 1925 walimkamata Gashamura, mkubwa wa abiru, ni kusema wale walinzi wa siri na ibada za ufalme, wakamfukuza na kumpeleka Gitega, Burundi. Umuganura, sherehe ya mavuno ya kwanza ambapo mwami alionja mtama na ulezi mpya kwa niaba ya nchi nzima, ikakatazwa. Ile ilikuwa moja ya sherehe kubwa kabisa za ufalme. Siku ile mwami na nchi walifungwa pamoja.

Na wachezaji wa intore? Wale hawakukatazwa. Kinyume chake, waliitwa kila mara mgeni mkubwa anapofika. Walicheza mbele ya magavana, mbele ya watalii, mbele ya mashini za picha. Hivi kadi za intore ziko nyingi sana, unaweza kujaza albamu. Basi mjukuu wa leo anayefungua albamu atafikiri kwamba ufalme ulikuwa ni kucheza. Ibada iliyokuwa na nguvu iliondolewa, onyesho likabaki, na onyesho njo lililochapishwa.

Tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 1931, Wabelgiji wakamwondoa Musinga mwenyewe. Hakutaka ubatizo, na hakutaka kuwa mtumishi wa kusaini tu. Siku nne baadaye, tarehe 16, mtoto wake Rudahigwa akatawazwa. Gavana Voisin njo aliyemtangaza mbele ya watu, na jina la kifalme, Mutara, alilipata kutoka kwa wakubwa wa serikali na wa misioni, wala si kwa njia ya abiru kama ilivyokuwa desturi. Tazameni vizuri picha za Mutara akiwa kijana mrefu na mavazi meupe, zilizotumwa dunia nzima. Ni sura ya mfalme kamili. Lakini baba yake wakati ule alikuwa Kamembe, ng'ambo tu ya Ruzizi, mtu wa Bukavu anapaona kwa macho kutoka mlimani. Mwaka 1940 wakamhamisha tena, wakamleta huku kwetu Congo, Moba, wakati ule ikiitwa Baudouinville. Alifia pale 1944. Ndani ya picha ya kutawazwa hakuna mahali pa baba.

Siandike haya kusudi kuwacheka Wanyarwanda, jambo lile lile lilifanyika mu chefferie nyingi za Congo. Mwami asiyetii aliondolewa, ndugu yake ao mtu mwingine akawekwa, akapewa medali ya kuvaa kifuani, na siku ile mashini ya picha ilikuwa tayari. Medali ile mnaiona ku kadi nyingi. Watu wengine wanaionyesha leo kama alama ya kwamba babu yao alikuwa mwami wa kweli. Ninaomba radhi kwa watakaokasirika, lakini medali inaonyesha tu kwamba serikali ya koloni ilimtambua. Kuhusu damu, kuhusu bami wa mbele, haisemi kitu.

Congo iko na sheria tangu tarehe 25 mwezi wa nane 2015 inayopanga hali ya wakubwa wa kimila. Inasema mambo yafuate desturi ya mahali. Sasa desturi ya mahali inajulikana kwa nini? Kwa wazee, ambao wanaisha. Kwa karatasi za koloni, ambazo nyingi ziko Ubelgiji. Na siku hizi, kwa picha za simu. Njo sababu jambo hili la kadi, linaloonekana kama mchezo wa Wazungu wazee wenye wakati, limekuwa jambo la mashamba, na la maisha ya watu.

Kuna hatari nyingine, na kwa hali ya vita tuliyo nayo tuiseme wazi. Jina la mahali lililoandikwa chini ya kadi si mpaka wa inchi. Kadi ilitengenezwa mbali, mara nyingi na mtu asiyefika pale. Picha moja iliweza kuuzwa kwa miaka mingi. Anayechukua kadi imeandikwa "Kivu" ao "Ruanda" na kusema kwamba inaonyesha nani mwenye udongo, anadanganya wenzake, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Je, kila sherehe kwenye picha ilikuwa ya kupangwa? Hapana. Mwaka 1947 Eliot Elisofon, mpiga picha Mmarekani wa gazeti la Life, alifika Mushenge kwa Wakuba, kule Kasai, na mfalme Mbop Mabiinc alikaa mbele yake na mavazi yake makubwa ya ushanga na simbi, mavazi yenye uzito mkubwa sana. Hata kutembea nayo ni shida. Mfalme yule hakulazimishwa na mtu. Ukiangalia namna amekaa, unaona ni yeye aliyeamua ataonekana vipi. Na Wakuba wa leo wanaweza kutaja kila kitu alichovaa na maana yake. Picha kama ile ni hazina, kwa sababu wenyewe bado wanaweza kuisoma. Kwingine msomaji wa picha amekufa, imebaki karatasi tu.

Halafu kuna kadi za wafalme wa upande wa pili, wale wa Ubelgiji. Albert alikuja na malkia Elisabeth 1928. Baudouin alikuja mwezi wa tano na wa sita 1955, kijana, watu wakamuita Bwana Kitoko, na mzee wetu yeyote aliyekuwa ku masomo wakati ule anakumbuka kupewa bendera ndogo ya kupepea. Ku kadi zile bami wetu wako kando, ao nyuma, na mavazi yao ya heshima, wanamsubiri. Kumbukeni tu miaka: mitano tu nyuma ya picha zile, koloni ilikuwa imeisha.

Mwezi wa sita 2022 mfalme Philippe alifika Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu. Alileta kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, akakiweka ku museum ya Kinshasa kwa mkopo usio na mwisho. Wengi walilia juu ya lile neno mkopo, na walikuwa na haki. Wiki chache baadaye, tarehe 3 mwezi wa saba 2022, Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vya wakati wa koloni. Lakini sheria ile inahusu mali ya serikali kuu, na iliacha nje kumbukumbu za karatasi. Kadi ya posta iliyo mu sanduku la mtu binafsi haiguswi hata kidogo. Hakuna mtu atakayeturudishia kadi, tusingojee.

Kwa bahati, tunachohitaji zaidi ni nakala, na nakala haihitaji ruhusa ya mfalme. Sheria ya haki za watunzi ya Congo, ya mwaka 1986, inalinda kazi kwa miaka 50 kisha kifo cha mtunzi, na ya Ulaya miaka 70. Zagourski alikufa 1944, fanyeni hesabu. Masomo makubwa yetu, museum ya Kinshasa iliyofunguliwa 2019, hata chama cha vijana wenye kompyuta moja, wanaweza kuanza kupanga kadi hizi kwa mahali na kuzipeleka kwa wazee kusudi waseme: huyu ni nani, alikuwa anafanya nini, nani hayuko hapa.

Na ukipewa kadi, ao ukiikuta mu valizi ya tate wako, igeuze kwanza. Ikiwa mgongo wote ni wa adresi tu, bila mstari katikati, ni ya zamani sana, karibu mbele ya 1906. Ikiwa timbri imeandikwa juu yake kwamba ni Afrika ya Wadachi chini ya utawala wa Wabelgiji, ni ya kuanzia 1916. Maneno Ruanda-Urundi yalianza kuwekwa ku timbri mwaka 1924. Muhuri wa Costermansville unaonyesha kwamba Bukavu ilikuwa bado haijarudishiwa jina lake. Soma hata barua yenyewe. Tarehe ya muhuri ni ya siku ya kutuma, si ya siku ya kupiga picha, kati yao inaweza kuwa miaka kumi.

Kisha ulize jina la mpiga picha, na mwenye kuchapisha. Bila hayo mawili, usiitume ku grupu ya familia na kuiita ushahidi.

Walio na kadi ya sherehe ya mwami, ya kwao ao ya kwingine, walete nakala ya pande zote mbili ku redio. Zile zenye wazee wa kuzieleza tutazisoma hewani pamoja nao.