Kusoma bila kuandika ni nusu ya elimu

Siku hizi katika parokia nyingi vijana wafundishwa kutumia kompyuta. Ni jambo jema, nasi twawasifu walimu wao. Lakini tukitazama yale wanayofundishwa, twaona upungufu mkubwa. Mwalimu awaonyesha kuwasha mashine, kufungua kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa za wavuti, na kubonyeza hapa na pale. Kisha wapewa cheti, nao warudi nyumbani wakidhani wamemaliza. Tukiuliza mbona hawakufundishwa kutengeneza ukurasa wao wenyewe, twajibiwa: « Hayo ni ya mainjinia. Watu wetu yawatosha kutazama. »

Neno hili si kweli, tena lina madhara. Mwalimu wa darasa la kwanza angewafundisha watoto kusoma tu, akawanyima kalamu, wazazi wangesemaje? Wangemkataa siku ileile. Basi, kwa nini twakubali katika kompyuta jambo tusilolikubali shuleni?

Tazameni kwanza wavuti ilivyoanza. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyefanya kazi katika CERN, maabara kubwa ya Geneva, alitoa shauri la kuunganisha maandiko ya kompyuta mbalimbali. Mbelgiji Robert Cailliau alimsaidia kulitetea. Kivinjari cha kwanza, kilichotengenezwa mwaka 1990, kilikuwa cha kusoma na cha kuandika pamoja. Mtu aliweza kufungua ukurasa, na kwa programu ileile akatunga wa kwake. Lakini vivinjari vilivyoenea baadaye, kama Mosaic ya mwaka 1993, havikuwa na sehemu ya kutungia kurasa. Watu wakazoea kutazama tu. Hivyo, mwenye kusema kwamba wavuti ni ya kutazama hajui ilikusudiwa nini. Tena tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliiachia dunia nzima kazi hiyo bila malipo. Tumepewa shamba; mbona twaridhika kununua mihogo ya jirani?

Wasema ni kazi ya mainjinia. Haya, tuipime kazi yenyewe. Ukurasa wa wavuti ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama. Alama h1 yaonyesha kichwa cha habari, p yaonyesha aya, na a yaunganisha neno na ukurasa mwingine. Kila alama hufungwa katika mabano yenye pembe. Maelezo ya kwanza ya lugha hiyo, iitwayo HTML, yaliyotolewa mwaka 1991, yalikuwa na alama 18 tu. Siku hizi zimeongezeka, lakini tano au sita zatosha kuanza. Kijana ayaandika maandishi yake, ayahifadhi kwa jina linaloishia na .html, ayafungua katika kivinjari: tayari, ukurasa! Anayejua kuandika barua aweza kujifunza hayo kwa juma moja. Kisha, ili watu wote wausome, auweka katika seva, yaani kompyuta isiyozimwa, inayojibu kila anayeuliza. Wako wanaotoa nafasi hiyo bure.

Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, hakuwa injinia. Alijifunza kwa vitabu, akatengeneza kurasa juu ya miujiza ya Ekaristi. Mwaka 2025 Kanisa lilimtangaza mtakatifu. Je, vijana wetu wana akili pungufu?

Wengine wasema: « Hatuna fedha ya mega. » Lakini kuandika ukurasa na kuutazama katika kompyuta yako hakuli mega hata moja. Mega zahitajiwa siku ya kuutoa tu. Tena kumbukeni siku zile baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ilipokatwa nchini mwetu karibu majuma matatu. Mwenye kuzoea kutazama tu alibaki mikono mitupu. Ukurasa uliohifadhiwa katika kompyuta ya shule hauzimwi hivyo.

Wazazi wengine waogopa: « Intaneti imejaa uwongo na uchafu. » Ndiyo, upo. Lakini nani hudanganywa upesi, ajuaye ukurasa unavyotengenezwa au asiyejua? Aliyetunga ukurasa kwa mkono wake aelewa kwamba mtu yeyote aweza kuandika lolote na kulipamba. Ajua kwamba ile kufuli ndogo, ambayo vivinjari vingine huionyesha karibu na anwani, yalinda njia ya habari tu. Haishuhudii kwamba habari ni kweli. Ajua pia kuisoma anwani: jina la mwenye ukurasa hutambuliwa kwa mwisho wake, kabla tu ya mkwaju (/) unaolifuata, si kwa mwanzo wake. Matapeli hutanguliza jina la benki, wakaficha lao nyuma. Elimu hii ni ngao kuliko makatazo mia.

Sasa tufike kwenye kidonda. Andikeni Bukavu, Goma au Uvira katika intaneti. Mtakuta vita, madini na wakimbizi. Mengi ni kweli, lakini yameandikwa na nani? Mara nyingi na watu wa mbali, kwa Kifaransa au Kiingereza. Hadithi za wazee wetu, historia ya shule zetu, desturi za wavuvi wa ziwa, zitaandikwa na nani kwa Kiswahili? Mzee akifa, maneno yake yazikwa naye, na mjukuu wake yupo hapo na simu mkononi akitazama mambo ya wengine! Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi, enyi walimu, msitoe cheti kwa kijana asiyetunga ukurasa hata mmoja. Mfundisheni pia adabu yake: asiibe maandishi ya wengine, asitoe picha ya mtu bila ruhusa, asiandike asilolihakikisha. Nanyi wazazi, mnapoombwa karo ya mafunzo hayo, ulizeni kwanza: « Mwanangu atajifunza kuandika, au kutazama tu? » Mkijibiwa kutazama tu, zishikeni franka zenu, mkatafute mwalimu mwingine.