Mgonjwa apewe picha na majibu yake



Natoa dukuduku langu juu ya vipimo vya mifupa na mishipa ya fahamu huku kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Kaka yangu alifanya kazi ya kupakia magogo katika msitu wa Sao Hill, Mufindi, kwa miaka mingi. Mwaka juzi alianza kuumwa kiuno. Maumivu yakashuka kwenye paja la kushoto hadi kidole gumba cha mguu, kisha ganzi ikaingia. Katika hospitali moja alipigwa eksirei, akaambiwa maneno matatu tu, "Mifupa yako mizima," akapewa dawa za maumivu. Nasi nyumbani tukaamini. Nasema kwa aibu kwamba mimi mwenyewe, niliyefundisha shule miaka 30, nilimwambia mke wake, "Shemeji, huyu anakwepa kazi."

Kwa kweli eksirei haikusema uongo. Mionzi ile, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895, hupenya nyama lakini huzuiwa na mfupa, ndiyo maana mfupa hutoka mweupe katika picha. Kwa aliyeanguka na bodaboda, au aliyetolewa katika ajali ya Kitonga, hicho ndicho kipimo cha kwanza na mara nyingi kinatosha. Huonyesha pia viungo vilivyolika, na hata uti wa mgongo ulioshambuliwa na kifua kikuu, ingawa mara nyingi kwa kuchelewa. Lakini mshipa wa fahamu hauonekani humo, wala ile diski laini iliyo kati ya pingili na pingili. Je, ni nani aliyepaswa kumwambia kaka hayo?

Hospitali ya pili ilidai picha ya kwanza. Hakuwa nayo, wala hakuandikiwa majibu. Akapigwa nyingine, akalipa upya. Ya tatu nayo ikataka ianze mwanzo. Kaka akauza nusu ekari ya miti yake ya paini ambayo ilikuwa bado michanga, kwa bei iliyomfurahisha dalali peke yake. Mwezi wa nane mguu ukaanza kuburuzika.

Ndipo tulipopanda basi hadi Mbeya, safari ya zaidi ya kilometa 200. Daktari wa huko, kabla ya kutaja mashine yoyote, alimwambia kaka avue viatu. Akamtembeza kwa visigino. Mguu wa kushoto ukashindwa. Akamgusa kwa pamba na kwa pini, akamgonga magoti na vifundo kwa kinyundo, akamwinua mguu akiwa amelala chali. Hazikupita dakika kumi. Akatuonyesha kwa kidole mahali anapodhani mshipa umebanwa, na picha ya MRI ilipopatikana ikasema hivyo hivyo. MRI hutumia sumaku, haina mionzi, nayo huona diski na mishipa ya fahamu vizuri.

Sisemi kila anayeumwa mgongo apelekwe MRI. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe baada ya wiki chache. Tena watu wazima wengi wasioumwa popote wakipimwa huonekana diski zimetokeza, na picha ya namna hiyo inaweza kumtia mtu hofu ya bure. Lakini mguu ukipungua nguvu, au ganzi ikiingia katikati ya mapaja, au mtu akashindwa kukojoa au kuzuia haja, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenye ganzi ya miguu yote miwili huenda kipimo anachohitaji ni cha sukari katika damu, ambacho bei yake ni ndogo sana.

Nashukuru kwamba katika ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, sehemu ya fedha ilinunua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Lakini mashine bila karatasi ya majibu itamsaidia nini mama anayetoka kijijini Kilolo au Chunya?

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni hili. Kila picha itoke na majibu ya maandishi, kwa Kiswahili, yakieleza kilichoonekana na kile ambacho kipimo hicho hakiwezi kukionyesha. Na nakala apewe mgonjwa mkononi kabla hajavuka geti. Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo sheria ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kusimamia matumizi ya mionzi. Nayo itazame jambo hili, kwani kurudia eksirei na CT bila sababu ni kumwongezea mtu mionzi asiyoihitaji, achilia mbali gharama.

Kaka alifanyiwa upasuaji. Maumivu yamekwisha, ila mguu bado hauinuki sawasawa, na daktari alitueleza kuwa tulichelewa. Bahasha ya picha zake imetundikwa ukutani. Siku ya kliniki huichukua hiyo kwanza, ndipo aulize fimbo iko wapi.

Mwalimu Mstaafu,
Mafinga, Iringa.