Zimamoto wa viwanja vya ndege walindwe

Januari 2, 2024, ndege ya Japan Airlines aina ya Airbus A350 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda, Tokyo. Watu watano kati ya sita waliokuwa katika ndege hiyo ndogo walifariki dunia. Abiria na wahudumu wote 379 wa A350 walitoka wakiwa hai kabla haijateketea.

Tunawapongeza wahudumu wale. Hata hivyo, lipo jambo la kutazamwa hapa kwetu. Zaidi ya nusu ya muundo wa A350 si alumini, ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ya plastiki. Alumini huyeyuka kwenye sentigredi 660 hivi. Nyuzi hizi haziyeyuki. Kinachoungua ni gundi, na tabaka la nje likishageuka makaa huuchelewesha moto kupenya ndani. Ubaya ni kwamba gundi hulainika kabla joto halijafika sentigredi 300, hivyo bodi yaweza kuonekana nzima kumbe haina nguvu tena.

Jirani zetu Ethiopia walilionja hili Julai 2013, pale Boeing 787 yao iliposhika moto ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, bila mtu ndani. Wachunguzi wa Uingereza walibaini kuwa chanzo kilikuwa betri ya kifaa cha kutoa ishara ya ajali, na kwamba gundi ya bodi yenyewe iliendelea kuulisha moto polepole, juu ya dari.

Ndege kama hizo Kenya Airways wanazo tangu 2014 na Air Tanzania tangu 2018. Je, zimamoto wetu wameandaliwa? Gundi ikishateketea, nyuzi hubaki tupu, hukatika vipande vidogo mno na kupeperuka. Huchoma ngozi, huwasha macho, na vilivyo vidogo zaidi huingia kifuani. Kofia na koti havitoshi. Askari anahitaji mtungi wa hewa mgongoni, hata miali ikishazimika, mpaka mabaki yanyunyiziwe kitu cha kuyagandisha. Wengine hutumia nta ya sakafu iliyochanganywa na maji, kwa hiyo katika hilo hatutarajii kusikia kisingizio cha bei.

Tunazitaka mamlaka za usafiri wa anga zitangaze, kabla ya bajeti ijayo, kila uwanja una mitungi mingapi na mazoezi ya moto wa aina hii yalifanyika lini mara ya mwisho.