Ukurasa wa Shukrani



Wengi wetu tukishika kitabu cha kisomi huuruka ukurasa wa shukrani. Nami nilikuwa hivyo hadi juma lililopita, nilipoketi barazani kwa jirani yangu hapa Mbagala pamoja na binti yake, anayemalizia tasnifu ya shahada ya uzamivu kuhusu mauaji ya watu wenye ualbino. Sura zote zimekwisha. Ukurasa wa shukrani ndio uliomshinda.

Msimamizi wake amemweka juu, na ni haki yake. Amewataja pia waliotangulia: Dakta Simeon Mesaki, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1993 ilichunguza mauaji ya watuhumiwa wa uchawi nchini, na Bibi Vicky Ntetema, wakati huo wa BBC, ambaye mwaka 2008 alijifanya mfanyabiashara, akawaendea waganga wa Kanda ya Ziwa na kuufichua ukatili huo, kisha akalazimika kujificha kwa vitisho vya kuuawa. (Sisi wa kalamu twajivunia mwenzetu huyo.) Kuwashukuru hao ni kazi nyepesi, maana majina yao yajulikana.

Tatizo ni mama mmoja. Alikimbia kwao na mtoto wake mwenye ualbino, akapanga chumba katika jiji hili. Kama ni Kinondoni au Temeke, usiniulize. Siku ya kwanza alimpa binti kiti na kikombe cha uji, hakusema neno. Siku ya tano alisimulia jinsi wenye mapanga walivyovunja mlango, naye akatokea dirishani na mtoto mgongoni. Sura nzima imesimama juu ya maneno yake. Lakini jina lake haliruhusiwi kuandikwa, wala mtaa, kwa kuwa dokezo dogo laweza kumwonyesha njia mwenye nia mbaya.

“Kaka, nitamshukuruje mtu nisiyeweza kumtaja?”

Nikamshauri aandike “mama wa” kisha jina la wilaya. Akatikisa kichwa.

Juzi Ijumaa alikwenda kumsomea sura ile kwa Kiswahili, kwani tasnifu ni ya Kiingereza. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasahihisha jambo moja tu.

“Umeandika mbwa alibweka, mwanangu. Hakubweka. Mbwa hambwekei amjuaye.”

Binti amekwisha rekebisha. Maneno ya shukrani bado anayatafuta, na tasnifu yatakiwa mwisho wa mwezi. Msomaji mwenye shauri na alilete.