Twende Kilwa Kisiwani



Je, mavuno yamekwisha? Una nafasi Jumamosi na Jumapili? Basi twende Kilwa Kisiwani.

Kutoka Kilwa Masoko tunavuka bahari kwa mashua. Safari ni fupi. Tukishuka tunaona Gereza, yaani ngome ya zamani. Karibu yake kuna Msikiti Mkuu. Una umri wa miaka zaidi ya 800. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika hapa mwaka 1331. Wakati huo Kilwa iliuza dhahabu na pembe za ndovu. Ilikuwa na fedha zake za shaba.

Mikoko hushika udongo wa pwani. Ilipokatwa, mawimbi yalikula ardhi mpaka karibu na kuta. Mwaka 2004 dunia ilitangaza kwamba magofu haya yako hatarini. Watu walijenga vizuizi vya mawe, wakapanda mikoko. Mwaka 2014 hatari hiyo ilitangazwa kuwa imepungua.

Je, sisi tufanye nini? Tusikate mikoko. Tusichukue jiwe hata moja la ukuta. Tuwaachie wajukuu nao waje kuona.