Steringi akifa mwanzoni: Kwa nini Terminator iliwachosha mashabiki wake

Kwa mtu aliyekulia kwenye mabanda ya video ya Kariakoo, Ilala au Magomeni, kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba, hata kutupwa mtoni, lakini picha likiisha lazima awe amesimama na adui amelala chini.

Ndiyo maana Terminator: Dark Fate, iliyotoka mwishoni mwa 2019, bado inaleta ubishi kila jina la Terminator likitajwa. Dakika chache tu baada ya kuanza, John Connor, kijana ambaye filamu mbili za kwanza zilihangaika kumlinda, anapigwa risasi na kufa. Anayemuua ni roboti mwenye sura ya Arnold Schwarzenegger, sura ileile iliyomwokoa mwaka 1991.

Mashabiki wengi duniani walinuna, na mauzo yakaonyesha. Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 185 za Marekani na kuingiza kama dola milioni 261. Ukiangalia haraka unaweza kudhani imelipa. Lakini majumba ya sinema huchukua sehemu kubwa ya pesa za tiketi, na matangazo nayo yana bajeti yake. Kwa hesabu za Hollywood, hiyo ni hasara.

Ahadi iliyovunjwa

Hasira hii huielewi bila kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1984, James Cameron alileta hadithi rahisi kufuata hata kwa asiyejua Kiingereza. Roboti anatumwa kutoka mwaka 2029 kuja kumuua Sarah Connor kabla hajamzaa John, mtu atakayewaongoza binadamu katika vita dhidi ya mashine. Mwaka 1991 ikaja ya pili. Roboti mwenye sura ileile sasa ni mlinzi, na mwishoni anakubali kuyeyuka kwenye chuma cha moto ili mtoto awe salama.

Hapo shabiki alipewa ahadi: mateso yote haya yana maana kwa sababu John amepona.

Zilizofuata zikaanza kuichezea ahadi hiyo. Ya 2003 ilisema vita haviepukiki, vimecheleweshwa tu. Ya 2009 ikatupeleka vitani kwenyewe. Mwaka 2015, katika Terminator Genisys, John akageuzwa mashine na kuwa adui. Miaka minne baadaye akauawa kabisa. Ndani ya filamu mbili mfululizo, steringi kageuzwa adui, kisha kawa marehemu.

Dark Fate iliuma zaidi kwa sababu ilikuja na matumaini makubwa. Cameron alirudi kama mtayarishaji. Linda Hamilton alirudi kama Sarah Connor baada ya miaka 28 bila kuonekana kwenye filamu hizo. Filamu ya tatu, ya nne na ya tano zikawekwa kando, kana kwamba hazikuwahi kutokea, na hadithi ikaendelea kutoka ile ya 1991. Shabiki akaambiwa anarudishiwa picha lake. Akalifungua, akakuta msiba.

Tatizo si mwanamke

Wapo waliodai filamu ilikataliwa kwa sababu mkombozi mpya, Dani Ramos, ni mwanamke kutoka Mexico. Huenda wako waliokerwa na hilo, lakini hoja hiyo haijitoshelezi. Sarah Connor wa 1991 ni mwanamke pia, na hadi leo ni miongoni mwa mashujaa wanaokubalika zaidi katika filamu za mapigano. Hakuna aliyelazimishwa kumpenda.

Tofauti ni kwamba Sarah alijengwa taratibu. Mwaka 1984 ni mhudumu wa mgahawa anayekimbia kuokoa maisha yake. Mwaka 1991 ni askari. Dani anapewa kiti cha John kabla mtazamaji hajamaliza kumzika John. Mrithi akikaa kitini wakati matanga hayajaanuliwa, hata akiwa mtu mwema, ukoo utanung'unika.

Msimulizi hayupo tena

Kwa Dar es Salaam kuna jambo jingine. Watu wengi hawakuzijua filamu hizi kupitia Hollywood pekee. Walizijua kupitia sauti ya msimulizi.

Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijijengea jina kwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, na kanda zake zikaenea mitaani. Kenya, DJ Afro alijizolea mashabiki kwa kazi ya aina hiyo. Wasimulizi hawa hawakutafsiri neno kwa neno. Walieleza nani ni nani, walitania, walikosoa, na pale picha lilipopoa wao walilipasha moto.

Filamu dhaifu ikipita kwenye mdomo wa msimulizi hodari inaweza kupona. Kifo cha John kingeweza kupewa sababu na machozi, hata onyo la mapema kwamba leo mambo si mazuri.

Leo shabiki anaitazama muvi peke yake kwenye simu, maandishi ya Kiingereza yakikimbia chini ya kioo. Hakuna wa kumshika mkono. Hadithi ikiwa na tundu, anatumbukia mwenyewe.

Shilingi ya Kariakoo haihesabiwi

Zamani katikati ya jiji kulikuwa na majumba ya sinema kama Empire, Avalon, Empress na Odeon. Kulikuwa pia na Drive-In, ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari. Eneo hilo baadaye lilijengwa Ubalozi wa Marekani, lakini jina la Drive-In halikufutika midomoni mwa watu. Siku hizi, anayetaka filamu mpya kwenye skrini kubwa huenda kwenye kumbi za maduka makubwa kama Mlimani City, na tiketi yake si ya kila mfuko.

Wengine huenda Kariakoo. Zamani ilikuwa kanda, ikaja CD, ikaja DVD moja yenye filamu kibao, sasa unajaziwa kwenye flash au memori kadi. Nakala nyingi za namna hiyo hazina kibali cha mwenye kazi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 haikubaliani nazo. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga uuzaji holela wa filamu za nje, wakisema unaua soko lao.

Lakini kuna upande usiosemwa sana. Anayenunua flash hajalipa Hollywood, na kwa hiyo hasira yake Hollywood haiioni. Mmarekani akikataa kununua tiketi, hesabu inapungua na mabosi wanashtuka. Shabiki wa Mtaa wa Msimbazi akiifuta muvi kwenye flash, hakuna ripoti inayobadilika. Ni shabiki asiye na kura.

Hata wenye kura hawaitumii vizuri kila mara. Jurassic World Dominion ya 2022 ilisemwa vibaya na wakosoaji, lakini iliingiza zaidi ya dola bilioni moja, na 2025 ikaletwa nyingine. Watu wakilalamika huku wanalipa, anayesikilizwa ni mfuko wao.

Terminator haikupata bahati hiyo. Mwaka 2024 ilijaribiwa tena kama katuni ya Kijapani, Terminator Zero, kwenye Netflix. Msimu mmoja, ikaishia hapo.

Mchezo unaojulikana

Mteja wa Kariakoo si mgeni wa hadithi inayovutwa ili iuzwe mara mbili. Bongo Movie ilipokuwa juu, filamu moja ilikatwa Part 1 na Part 2, kila moja na diski yake na bei yake. Ya kwanza iliishia patamu, ya pili mara nyingi ilijaa watu wakitembea na magari yakipaki. Wateja walivumilia, kisha wakachoka.

Wakati huohuo wengine walipenya kwa kuheshimu lugha ya mtazamaji. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, ilionyeshwa TBC ikiwa na sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye Azam TV ikaleta Sultan ya Kituruki kwa Kiswahili, na familia zikakaa sebuleni kuifuatilia usiku baada ya usiku.

Hapo kuna funzo kwa anayetengeneza filamu Los Angeles na kwa anayetengeneza Sinza. Jina kubwa linauza sehemu ya kwanza, pengine na ya pili. Baada ya hapo mtazamaji anauliza swali moja tu: yule niliyeambiwa nimpende, mmemfanya nini?

Jibu likiwa mmemuua ili mpate pa kuanzia upya, flash itafutwa, na nafasi yake itajazwa tamthilia ya Kikorea.