Usiiachie kamera iamue rangi ya uso wa mwanao

Fungua albamu ya familia yoyote hapa Nairobi, Mombasa au Kisumu, na bila shaka utakumbana na picha ya aina hii: bi arusi amevalia gauni jeupe linalong'aa, lakini uso wake umekuwa giza hata huwezi kutambua kama anatabasamu au analia. Geuza ukurasa umwone kijana aliyefuzu chuo kikuu. Mbingu nyuma yake ni nyeupe pe, naye amebaki kivuli chenye joho na kofia. Aliyelipia picha hizo husema kamera ilikuwa mbovu. Wengine, na hili ndilo la kusikitisha zaidi, humtania mwenye picha kwamba "umezidi weusi". Yote mawili si kweli. Kamera ilikuwa nzima, na mwenye uso hakuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni mtu wa kuiambia kamera la kufanya.

Mpenzi msomaji, kamera za dijitali za aina ya SLR si vitu vya waandishi wa habari peke yao tena. Kwa kuwa kampuni kubwa kama Canon na Nikon zimeelekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo ndani, zile za SLR zilizokwisha kutumika huuzwa kwa bei ambayo wanafunzi wawili watatu wakichanga wanaweza kuimudu. Taabu ni kwamba wengi wakishaifikisha nyumbani, huzungusha gurudumu lililo juu yake hadi kwenye alama ya kijani ya otomatiki, na hapo ndipo linapokaa hadi kamera izeeke. Hilo ni sawa na kununua gari la gia tano na kuliendesha kwa gia ya kwanza. Hebu leo tuzitazame herufi nyingine zilizo kwenye gurudumu hilo. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, kuzijua si anasa.

Kamera hukisia tu

Ndani ya SLR mna kioo kilicholala mshazari. Mwanga huingia kwa lenzi, hugonga kioo hicho na kupanda hadi kwenye kidirisha unachochungulia. Ukibonyeza kitufe, kioo huinuka, pazia dogo liitwalo shata hufunguka, na mwanga huangukia sensa inayoinasa picha. Lakini kabla ya hayo, kuna kipima mwanga kinachoamua ni mwanga kiasi gani uingie.

Kipima mwanga hicho hakimjui mtu wala mti. Kimefundishwa jambo moja: kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, hutoa rangi ya kijivu ya wastani, ile inayorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Kikiona weupe mwingi, kama vile gauni la arusi, kanzu au mbingu ya mchana, hudhani mwanga umezidi na kuupunguza. Gauni hugeuka kijivu na uso wa mwenye gauni huzama gizani. Kikiona weusi mwingi, kama vile suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, hudhani mwanga ni haba na kuuongeza. Hapo uso hupauka kama uliopakwa majivu. Kamera za miaka ya karibuni hulinganisha sehemu nyingi za picha, na baadhi hutambua hata nyuso, lakini bado ni kukisia.

Jambo hili lina historia yake. Enzi za filamu za rangi, maabara zilirekebisha mitambo yao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyojulikana kama "Shirley". Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alieleza katika makala yake ya mwaka 2009 kwamba kampuni ya Kodak ilianza kuboresha namna filamu zake zilivyonasa rangi za kahawia baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao kulalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vyema pichani. Fikiria hayo, msomaji! Malalamiko ya chokoleti na kabati yalisikika upesi kuliko ya akina mama waliotaka kuwaona watoto wao. Sensa ya dijitali haina dawa zile za filamu, lakini kukisia kule kumebaki. Dawa yake imo mikononi mwako.

Watatu wanaogawana mwanga

Mwanga katika kamera hutawaliwa na vitu vitatu. Mfano wake ni mtungi unaojazwa maji mferejini.

Cha kwanza ni tundu la lenzi, yaani mfereji umefunguliwa kwa kiasi gani. Hupimwa kwa namba f/1.8, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11 na f/16. Usichanganyikiwe: namba ndogo ndiyo yenye tundu kubwa. Tundu kubwa huingiza mwanga mwingi na kufifisha vilivyo nyuma ya mtu. Tundu dogo huonyesha vyote wazi, vya karibu na vya mbali.

Cha pili ni kasi ya shata, yaani mfereji umeachwa wazi kwa muda gani. Sehemu moja ya 1000 ya sekunde humgandisha mwanariadha hewani. Sehemu moja ya 30 huonyesha magurudumu ya matatu yakizunguka, na ukiwa na mkono usiotulia, picha nzima itatikisika.

Cha tatu ni ISO, yaani kiasi ambacho kamera hukuza ule mwanga mchache ilioupata. ISO 100 hutoa picha safi. ISO 3200 itakuwezesha kupiga picha kanisani jioni, lakini picha itakuwa na chenga, kama zile za televisheni yenye antena mbovu.

Ukitoka f/4 kwenda f/5.6, au 1/125 kwenda 1/250, au ISO 400 kwenda 200, umepunguza mwanga kwa nusu kila mara. Tuite hatua hiyo daraja moja. Ukipunguza daraja upande mmoja, ongeza upande mwingine, na mwanga wa picha utabaki ule ule. Hiyo ndiyo hesabu yote ya upigaji picha.

Herufi za gurudumuni

Herufi A (kwa Canon huandikwa Av) inakuachia uchague tundu, nayo kamera ichague kasi ya shata. Hii ndiyo ya kuanzia kwa picha za watu. Weka namba ndogo kadiri lenzi yako inavyoruhusu, na ukuta wenye nyufa nyuma ya shangazi utafifia usionekane.

Herufi S (kwa Canon ni Tv) inakuachia uchague kasi. Siku ya michezo shuleni, chagua 1/1000 kwa wanaokimbia. Kwa watoto wanaocheza ngoma, 1/250 inaweza kutosha.

Herufi M ni kwa anayetaka kuamua yote mwenyewe. Wengi huiogopa, lakini kwa sherehe zetu ndiyo yenye amani zaidi. Chukua mahafali yanayofanyika uwanjani. Wanapita mbele yako mmoja mmoja: huyu ana joho jeusi, yule amejifunga lesi nyeupe, na wa tatu amesimama na babu mwenye kanzu. Jua ni lile lile, lakini kamera ya otomatiki hubadilisha mawazo kwa kila nguo. Ukitumia M, unapima mara moja na kuacha. Nguo zitabadilika, nyuso hazitabadilika.

Utaanza na namba gani? Wapiga picha wa filamu walikuwa na kanuni ambayo haijachakaa: chini ya jua kali lisilo na mawingu, weka f/16, na kasi ya shata iwe moja juu ya ISO. Kwa ISO 100, basi, ni 1/100, au iliyo karibu nayo. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba hupima mwanga unaomwangukia mtu, wala si mwanga unaorudi kutoka kwa ngozi au nguo zake. Mweusi hutoka mweusi, mweupe hutoka mweupe, na kila mmoja hutoka alivyo.

Kitufe kidogo chenye faida kubwa

Iwapo M bado inakutisha, baki kwenye A na utafute kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa kamera nyingi za bei nafuu, unakibonyeza huku ukizungusha gurudumu dogo la vidole. Hapo unaiambia kamera: "Nimesikia makisio yako, lakini ongeza kidogo" au "punguza kidogo".

Kumbuka tu kwamba utafanya kinyume cha unavyodhani. Weupe ukiwa mwingi, ongeza. Bi arusi mwenye shela: ongeza daraja moja. Mtu aliyeyapa mgongo madirisha au mbingu: ongeza moja hadi mbili. Weusi ukiwa mwingi, punguza. Bwana arusi mwenye suti nyeusi kwenye ukumbi wenye giza: punguza kiasi cha daraja moja.

Wanaotaka kupima kwa uhakika zaidi watafute kwenye menyu alama ya nukta iliyo peke yake. Hapo kipima mwanga huacha kutazama picha nzima na kutazama sehemu ndogo tu. Ilenge nukta hiyo shavuni. Lakini angalia: kamera itataka kuligeuza shavu hilo kuwa kijivu cha wastani. Kwa ngozi nyeusi sana, punguza thuluthi mbili za daraja au daraja zima, ndipo weusi wake uonekane na mng'aro wake. Kwa ngozi ya maji ya kunde, punguza kidogo tu au usiguse kitu.

Jua la saa sita

Sisi tulio karibu na Ikweta tuna tatizo letu. Saa sita mchana, jua huwa karibu utosini, na hasa mwezi Machi na Septemba. Macho hugeuka mashimo meusi chini ya paji la uso. Wapeleke watu chini ya mti au kwenye kivuli cha jengo. Ikishindikana, washa fleshi mchana kweupe! Weka M, f/11, 1/200 na ISO 100, ipunguze fleshi daraja moja kwenye menyu yake, kisha simama hatua mbili tu kutoka kwa mtu, kwa sababu fleshi ndogo ya kamera haifiki mbali. Usizidishe kasi hiyo, kwani kamera nyingi za aina hii haziwezi kwenda sambamba na fleshi yake zaidi ya 1/200 au 1/250.

Mwanga mtamu kuliko wote ni wa saa kumi na moja jioni na kuendelea. Lakini usizembee. Huku kwetu jua halina mazoea ya kuaga kwa muda mrefu. Saa moja ya usiku ikigonga, giza limekwisha kuingia.

Usikidanganye kioo

Baada ya kupiga, usiamini mwangaza wa kioo cha nyuma peke yake. Fungua histogramu, ile grafu yenye umbo la kilima. Kilima kikijibana ukutani upande wa kulia, weupe umeungua na hautarudi. Kikijibana kushoto, vivuli vimezama. Aidha, kwa siku isiyojirudia kama arusi, hifadhi picha kwa mtindo wa RAW. Hula nafasi kubwa kwenye kadi, lakini hutunza yote sensa iliyoyaona, na uso uliotoka na giza kidogo unaweza kuokolewa kwenye kompyuta.

Kazi ya wiki hii ni rahisi na haina gharama. Mkalishe mmoja wa nyumbani kando ya dirisha, akiwa na shati jeupe. Ukiwa kwenye A, piga picha tano: punguza mbili, punguza moja, sifuri, ongeza moja, ongeza mbili. Kisha avae shati jeusi, mrudie yote. Zipange picha hizo kumi na umwulize mwenye uso ni ipi inayofanana naye. Utaona kwamba ile ya sifuri, aliyoichagua kamera, si lazima iwe ndiyo.

Babu zetu wengi walikufa bila kuacha hata picha moja, na wengine wameacha kivuli tu ndani ya fremu. Wajukuu watakaozitazama picha zetu hawatauliza kamera ilikuwa ya kampuni gani. Watatafuta macho yanayofanana na yao.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mwanga mwema.